Laini ya Bi Tunu

Denmark, 9 Machi 1997

Shangazi yangu Tunu,

Shikamoo. Mie mzima, ila mafua yaliyonishika Desemba hayana nia ya kuondoka, basi tumekubaliana tuishi pamoja. Habari za miguu yako? Habari za mtaa? Nisalimie jirani yetu Benedicta, na uniambie kama Elinaza wake ameandika au bado. Tangu mwanawe aondoke kwenda Afrika Kusini na magari ya mizigo, kila nikipata barua yako natafuta jina lake kwanza.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni ipi, kwa sababu ukiwaambia watu natengeneza kompyuta wanakuletea redio mbovu. Sitengenezi kompyuta, shangazi, naziandikia maagizo. Halmashauri ya mji huu ina vikongwe wengi wanaokaa peke yao, na serikali inawapelekea watu wa kuwaogesha, kuwapa dawa na kuwapashia chakula. Programu yangu ndiyo inayopanga nani aende kwa nani na saa ngapi. Kuna bibi mmoja hajawahi kuniona, lakini najua siku anazooshwa nywele. Wewe uliyenilea sijui ukiamka unaamkiwa na nani.

Sasa sikiliza. Mwezi wa kwanza theluji ilifunga barabara, nikafanyia kazi chumbani kwangu, kompyuta yangu ikizungumza na ya ofisini kwa waya wa simu. Hakuna aliyeona tofauti. Nikamwambia bosi wangu, Bi Kirsten, kwamba kama naweza kuwahudumia wazee wao bila kufika ofisini, basi naweza kuwahudumia nikiwa Mwananyamala. Akacheka. Kesho yake hakucheka, aliniuliza, "Nyumbani kwenu kuna simu?"

Lile ombi lako la simu limefikia wapi?

Jambo dogo la mwisho. Kuna kampuni moja Marekani inagawa nafasi bure kwenye intaneti. Wamezipanga kimitaa, na kila anayeomba anapewa namba ya kiwanja chake. Nimechukua kimoja. Nimeweka ile picha ya baraza yetu, marehemu baba amekaa na kanzu ya Idi, na chini yake kitabu cha wageni ili Mtanzania yeyote aliyetupwa mbali akipita aandike jina. Wameshapita wengi. Wanaandika kwamba wameiona ile baraza wakalia.

Nakukumbuka sana, shangazi. Siku za Jumapili ndiyo usiseme.

Mwanao, Sadallah

*

Mwananyamala, 20 Aprili 1997

Mwanangu Sadallah,

Marahaba. Watoto wa wenzangu wakiandika huanza na salamu kama mchanga wa pwani, wa kwangu anaanza na mafua. Kunywa tangawizi. Miguu yangu ipo, inanifikisha sokoni, kurudi ndiyo inadai mazungumzo.

Elinaza hajaandika. Benedicta kila Jumapili akitoka kanisani anapita kwangu, anakaa. Namwekea chai. Mtu ambaye hajui mwanawe yu hai au vipi, hata pole huijui umpe ya namna gani.

Kazi yako nimewasimulia watu wote. Wana swali moja tu, eti hao wazee hawana watoto? Nikasema wanao, ila watoto wana kazi. Wakanitazama. Sikuandiki hili kukuchoma. Au niseme kweli, nakuchoma kidogo.

Na hicho kiwanja cha bure! Sadallah, hapa mjini watu wanatoana macho kwa kiwanja cha kulipia, wewe Mmarekani asiyekujua anakupa chako bure? Hati iko wapi? Mie nimewalaza watu bure nyumba hii tangu baba yako hajaoa, nayajua mambo hayo. Anayelala bure hachagui mto. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, basi uliza jembe lako ni lipi.

Simu sasa. Ombi niliandika mwaka 1988, nikiwa bado opereta wizarani. Nilikuwa nawaunganishia wakubwa kutwa nzima, kwangu sina hata waya. Halafu wakatupunguza kazini, nikajua na ombi limepunguzwa. Lakini siku hizi mambo yamefunguliwa, na juzi wamekuja vijana wakasimamisha nguzo mbele ya nyumba. Nikawapa chai na mihogo. Nikawaambia, "Wanangu, shikeni vizuri hiyo nguzo, kuna mtu anaingoja ndiyo arudi nyumbani." Mmoja akanijibu, "Bi mkubwa, kwa nguzo hii atarudi tu."

Rudi, mwanangu. Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja.

Shangazi yako, Tunu

*

Denmark, 15 Juni 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yamehama, nadhani ni ile tangawizi, ingawa niliipata duka la Wahindi mji wa tatu kutoka hapa. Huku sasa jua halitui mpaka watu wamechoka nalo. Nimekula embe, lina sura ya embe.

Ulisema niulize jembe langu. Nimelipata. Juzi nimefungua ukurasa wangu nikakuta wenye nafasi yao wametundika tangazo la dawa ya kupunguza unene, limekaa juu kabisa ya kofia ya baba. Nimelalamika. Wamenijibu kwa adabu kwamba ndiyo masharti.

Limenikaa kichwani. Bi Kirsten aliwahi kuniuliza kwa nini halmashauri isitumie nafasi za bure kama hizi ili kubana matumizi. Nikakataa. Habari za bibi wa watu, dawa anazomeza na siku anazoogeshwa, hazikai kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaweza kukutoa bila hodi. Kazi ya umma inataka nyumba yake. Lakini mfanyakazi wa umma, yeye anaweza kukaa popote mradi waya ufike. Haya yote nimeyaandika kwa Kidenishi, Bi Kirsten ameyapeleka kwenye baraza la mji, na wazee wa mji wanayajadili. Usiku nikilala naona nguzo yako tu.

Mwanao, Sadallah

*

Mwananyamala, 27 Julai 1997

Mwanangu,

Marahaba, na kaa chini kwanza. Simu imeingia.

Iko sebuleni kwenye meza ya pembeni, nimeifunika kitambaa cha kufuma. Siku ya kwanza sikutoka nyumbani, na yenyewe haikulia. Siku ya pili ikalia, nikanyanyua nikasema, "Wizara, habari za asubuhi." Mazoea hayana dawa. Alikuwa mwanamume amekosea namba, tukazungumza vizuri tu, mkewe yuko Kimara ana mimba ya kwanza.

Kupiga nimepiga marufuku, maana bili haina ujamaa. Ila kupokea ni bure, na cha bure nitamnyima nani? Nimewaambia majirani kwamba mwenye ndugu mbali ampe namba hii, nami nitakwenda kumwita. Hapa jirani na hospitali kila nyumba ina mgonjwa anayeulizwa hali. Sasa naitwa Posta.

Namba nakuandikia chini kwa tarakimu kubwa. Piga siku moja nikusikie.

Tunu, opereta

*

Denmark, 31 Agosti 1997

Shangazi,

Shikamoo. Namba nimeisoma mpaka nimeikariri. Bosi wangu nilimwonyesha barua yako, hajui Kiswahili, akafurahi kwa kuniona nilivyofurahi.

Baraza la mji limekubali tujaribu. Kompyuta nimeshaituma, na Gibson, yule rafiki yangu wa Kimara niliyesoma naye, atakuja kuifunga. Jaribio ni wiki moja, mwanzoni mwa Novemba. Kila siku ya kazi saa nne asubuhi ya huko, kompyuta ya halmashauri itapiga simu nyumbani kwetu, na mashine itapokea yenyewe, saa hiyo tu. Wewe usiguse. Najua hujawahi kuiacha simu ikaita, lakini hiyo moja iache. Zitapokezana kazi kwa robo saa basi, laini inabaki yako. Ila zikikuta laini ina mtu, zitajaribu tena na tena, kisha zitaandika kwamba Mwananyamala haipatikani. Wiki ikienda vizuri narudi na kazi yangu mkononi. Isipokwenda, wamesema wazi hawatajaribu tena.

Umesema nipige. Sijapiga, na sitaki kusingizia gharama. Naogopa nikiisikia sauti yako sitaweza kukaa tena huku hata siku moja. Nangoja nipige nikiwa na tarehe ya kurudi.

Mwanao, Sadallah

*

Mwananyamala, 26 Oktoba 1997

Mwanangu Sadallah,

Marahaba. Gibson amekuja, kijana mwenye heshima, amekula sahani mbili. Mashine yako nimeishonea kitambaa kinachofanana na cha simu. Gibson akakitoa, akasema itashikwa na joto. Alipoondoka nikairudisha, nikaikunja pembeni ipate hewa.

Mvua ya mwaka huu wanaiita El Nino, mie naiita gharika. Maji yamekuja mpaka kizingiti. Nguzo imesimama.

Sasa niambie jambo. Mtu amepiga kutoka Maskati, akauliza kama mimi ndiye mwenye baraza. Baraza gani? Akasema ile ya kwenye picha. Akaniomba nimwitie mamake mdogo nyumba ya nne, nikamwita, wakalizana hapo sebuleni kwangu. Wiki hiyo hiyo amepiga mwingine kutoka Kanada, halafu wa Mombasa. Namba yangu wanaitoa wapi? Sikatai, ila nauliza.

Kuhusu saa nne asubuhi, nimeelewa. Nimewatangazia watu wote kwamba wiki ile saa nne hakuna simu, mwanangu anarudi kwa mlango huo. Wote wameitikia, "Inshallah."

Tunu

*

Mwananyamala, 9 Novemba 1997

Mwanangu,

Wiki imekwisha. Mvua inaendelea, paa la chooni limekwenda. Mashine yako nzima, kitambaa kisafi. Benedicta anakusalimu sana.

Mengine utaambiwa na hao wenye kazi yao. Kula vizuri, usikonde.

Tunu

*

Denmark, 7 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini paa limerudishwa. Huku saa kumi alasiri tayari giza.

Hatukufanikiwa. Bi Kirsten aliniwekea majibu mezani akatoka nje ili nisome peke yangu. Siku moja tu mashine zilizungumza. Siku nyingine zote laini ilikuwa na mtu, asubuhi ile ile, saa ile ile. Baraza la mji limeandika kwamba wazee hawawezi kungoja simu ya mtu iishe. Na ni mimi niliyewafundisha kwamba kazi ya umma haiwezi kutegemea fadhila za mwenye nyumba.

Gibson ananiambia laini haikuwa na kasoro. Basi nani alikuwa kwenye simu?

Na mimi nina langu. Uliniuliza watu wanaitoa wapi namba yako, nikakaa kimya. Niliiandika mimi kwenye ule ukurasa, chini ya picha ya baba. Nilidhani watapiga wawili watatu wakusalimie, usikae peke yako. Nilikuwa nawapangia wazee wa watu wageni kila siku, nikasema na wangu nimpangie. Kwa hiyo kama ni wale waliokupigia, basi mlango niliufunga kwa mkono wangu. Lakini niambie.

Sadallah

*

Mwananyamala, 28 Desemba 1997

Mwanangu Sadallah,

Keshokutwa au mtondo tunaanza kufunga, sitaki niingie mwezi mtukufu na uongo wa kukaa kimya.

Jumatatu ile saa nne kasorobo nilikuwa nimekaa mbele ya mashine yako, mikono nimeiweka mapajani kama mwari. Simu ikalia. Nikasema hao wamewahi, niiache. Lakini mashine haikushika, ile taa yake haikuwaka, Gibson alisema ingewaka. Nikajua ni mtu, nikapokea ili nimwambie apige mchana. Mwanamume akasema, "Shikamoo, naomba mama yangu Benedicta, mwambie Elinaza."

Sadallah, ungefanya nini? Nilitoka mbio kwenye matope bila viatu, mie wa miguu hii. Benedicta alikuja na unga mikononi. Alishika simu, akawa anahema tu, na kijana upande wa pili anaita mama, mama. Halafu akaanza kulia na kuuliza kwa pamoja. Nikatazama saa, ikawa saa nne.

Nimekuwa opereta miaka ishirini na kitu. Enzi zile simu za mikoani zilikuwa za dakika tatu. Nilikuwa naingia katikati nasema, "Dakika tatu zimekwisha," nachomoa waya. Nimemkatia mtu anayeambiwa mkewe amejifungua, hajasikia kama ni wa kike au wa kiume. Nimemkatia mtu anayeambiwa msiba. Ilikuwa kazi, mshahara wangu, nililala usingizi. Siku hiyo mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye simu. Benedicta akanitazama. Alikuwa anajua saa nne ni ya nani, akasema, "Bi Tunu, kata tu, mwanao naye." Kwa mdomo wake alisema hivyo. Sikuweza.

Elinaza huko Durban anafanya kazi gereji, bosi wake huchelewa kufika, kwa hiyo simu ya hapo aliipata asubuhi tu, na kila siku alimwambia mama kesho tena, mpaka Ijumaa bosi wake alipowahi. Ningeweza kumwomba abadilishe saa. Nilimwomba, hakuwa na saa nyingine. Ningeweza kumwambia asubiri wiki ipite. Hilo sikumwomba. Niliogopa akipotea tena mama yake atanitazama mie maisha yote.

Kwa hiyo wa kulaumiwa ni shangazi yako. Nimekungoja kuliko mtu yeyote anavyokungoja hapa duniani, na mlango ulipofunguka nikampitisha mtoto wa jirani. Ukinikasirikia, una haki. Nami nimelia, nakwambia wazi, nimelia Ijumaa nzima.

Tunu

*

Denmark, 2 Februari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Idi njema, imepita lakini.

Barua yako niliipata. Siku ya Idi niliamua nipige hata kama sina tarehe. Nilianza asubuhi. Laini ilikuwa na mtu. Nikapiga mchana, ina mtu. Nikapiga jioni, ina mtu. Nimesikiliza ule mlio siku nzima nimevaa kanzu.

Nimefurahi kwa Benedicta. Lakini nitasema kweli, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Watu kutoka kila pembe ya dunia wanaingia sebuleni kwetu, mwenye nyumba ndiye aliye nje. Sitakusumbua tena kwa simu.

Sadallah

*

Mwananyamala, 1 Machi 1998

Mwanangu,

Barua mbili sasa huandiki "mwanao". Nimeona.

Barua yako nimemsomea Benedicta, naye alivaa kanga yake akatoka. Amepita nyumba hadi nyumba. Jioni walikuja kwangu wote, waliopata nafasi wamejaa barazani, wengine wamesimama nje na miavuli. Benedicta akasema, "Kuanzia sasa Ijumaa baada ya Alasiri hii simu ni ya Sadallah peke yake mpaka Magharibi. Atakayeigusa tutagombana." Na wenye ndugu nje wameagizwa wawaambie ndugu zao wasipige saa hizo.

Basi piga, mwanangu. Nitakuwa nimekaa hapo hapo. Usiwe na tarehe, usiwe na kazi, piga tu.

Shangazi yako anayekuomba radhi, Tunu

*

Mwananyamala, 5 Aprili 1998

Mwanangu Sadallah,

Natumaini u mzima. Leo sina habari za mtaa.

Kila Ijumaa naswali Alasiri, navaa gauni zuri, nakaa. Watu wakipita barazani wananyamaza hata watoto. Ijumaa ya pili mgonjwa wa nyumba ya kona alizidiwa, nduguze Tanga wakawa hawana habari. Nikawaambia watumie simu, mgonjwa ni mgonjwa. Wakakataa. Walikodi gari mpaka mjini kwenda kupiga huko, wakasema Sadallah anaweza kupiga sasa hivi. Magharibi ikiingia Benedicta anakuja ananiuliza, "Kapiga?" Namwambia laini za huko mbovu.

Laini za huko si mbovu, najua. Sikulaumu. Ila nieleze tu kama nikae au nisikae.

Tunu

*

Denmark, Alhamisi, 23 Aprili 1998

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua zako mbili nimezipata leo mchana, zote kwa pamoja. Mwezi wa Oktoba nilikuwa nimeshatoa notisi ya chumba changu, kwa uhakika wa kurudi. Sikukuambia. Mambo yalipokwama chumba kilikuwa kimeshapata mtu, nikaomba mwezi baada ya mwezi, kisha Februari nikahamia kitongoji kingine na sikuacha anwani, kwa sababu sikutaka barua. Hilo nalo ni kweli. Mwenye nyumba wa zamani ndiye aliyenitafuta mpaka kanipata ofisini, akanikabidhi bahasha zako na kunilaumu kwa lugha yao.

Nimezisoma nimesimama kwenye ngazi za halmashauri. Ijumaa zote hizo nilikuwa nikitoka kazini naenda kununua mkate, najionea huruma. Mtaa mzima umekaa kimya kwa ajili yangu na mimi nanunua mkate. Wale wa nyumba ya kona wamebeba wasiwasi wao mpaka mjini ili nisikute laini ina mtu. Shangazi, nimelia mbele ya watu, na huku watu hawalii mbele ya watu.

Kuna jambo jingine. Elinaza aliandika kwenye kitabu changu cha wageni tangu Novemba ile: "Aliyeweka namba hii Mungu amweke. Nimempata mama." Nilikisoma kabla hujaniambia lolote. Nilijua ni yeye, na nilijua ni asubuhi zipi. Nikakuuliza nani alikuwa kwenye simu huku jibu ninalo. Nilimwonea wivu, basi. Mtu kapita kwenye mlango wangu, kafika kwa mama yake, nami nimebaki nje.

Kesho ni Ijumaa. Nimemwomba Bi Kirsten ruhusa niondoke mapema, akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia nakwenda kupiga simu. Nitapiga Alasiri ya huko. Lakini nikikusikia najijua, sitaweza kusema kitu, nitahema tu kama Benedicta. Kwa hiyo lile ninalotaka kukuambia nakuandikia hapa, likufikie hata kama nitashindwa: narudi. Sina ruhusa ya baraza la mji, kazi sitarudi nayo. Nimewapa notisi leo, kabla ya kuandika barua hii. Wazee wao watapangiwa na mwingine, programu ni nzuri, haitanihitaji. Huko nitaanza na lolote litakalopatikana, nikikosa nitatengeneza hizo redio mbovu.

Mwezi wa sita, shangazi. Usiniandalie kitu.

Na baada ya kesho waambie watu wa mtaa wapige na wapigiwe, hata Ijumaa.

Mwanao, Sadallah